William Osler: Daktari aliyeisoma siri ya damu katika nyuso za wagonjwa

WAPO madaktari waliopata umaarufu kwa kugundua dawa, na wapo walioupata kwa kupasua mahali ambapo hakuna aliyethubutu kupapasua kabla yao. Sir William Osler hakuwa miongoni mwa makundi hayo mawili. Yeye alipata umaarufu kwa kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa, kumtazama kwa makini, kumsikiliza na kuandika alichokiona. Kwa njia hiyo ya unyenyekevu aliubadilisha ufundishaji wa udaktari katika nchi tatu.

Miongoni mwa magonjwa yaliyobeba jina lake ni moja ambalo wengi hawalifahamu, ingawa huwapata watu wa mataifa yote. Ni ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa midogo ya damu puani, midomoni, kwenye ulimi na, kwa siri kubwa zaidi, ndani ya tumbo na utumbo mwembamba. Mgonjwa hupoteza damu kidogo kidogo kwa miaka mingi, akadhoofika bila kujua damu yake inakwenda wapi.

Osler aliutambua mwaka 1901. Hata hivyo, ilichukua miaka mia moja nyingine kabla ya madaktari kupata chombo cha kuwawezesha kuona kwa urahisi kile alichoweza kukikisia tu. Ndiyo maana maisha yake yanastahili kusimuliwa pamoja na habari za ugonjwa huo.

Mtoto wa kasisi

Osler alizaliwa Julai 12, 1849 katika kijiji cha Bond Head, sehemu ambayo leo ni jimbo la Ontario nchini Kanada. Baba yake, Featherstone Osler, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyehamia huko kutoka Cornwall, Uingereza. Mama yake aliitwa Ellen Pickton. William alikuwa mtoto wa kiume wa mwisho katika familia yenye watoto wengi.

Mwanzoni alikusudia kufuata nyayo za baba yake. Mwaka 1867 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Toronto akiwa na nia ya kuwa mtumishi wa kanisa. Lakini tayari alikuwa amekutana na mwalimu mmoja, Padri William Johnson, aliyependa hadubini na viumbe vidogo kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu wake mwingine, Dk. James Bovell, alikuwa daktari mwenye maktaba kubwa na moyo mkunjufu. Chini ya malezi ya wawili hao kijana huyo aligeuza njia, akaacha theolojia na kuchukua udaktari.

Mwaka 1870 alihamia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na mwaka 1872 akahitimu shahada yake. Kitabu chake kikubwa cha miaka ya baadaye alikitolea heshima kwa walimu watatu: Johnson, Bovell na Palmer Howard wa McGill.

Damu chini ya hadubini

Baada ya kuhitimu, Osler alivuka bahari kwenda Ulaya. Alifika London, Berlin na Vienna, akajifunza kwa mabingwa wa wakati ule. Mjini London alifanya kazi katika maabara ya John Burdon Sanderson, na huko ndiko alikoanza kuvutiwa na damu.

Akichunguza damu kwa hadubini, aliona vijichembe vidogo mno, vidogo kuliko chembe nyekundu na nyeupe zilizokuwa zikijulikana. Watu wengine walikuwa wameviona vikiwa vimegandamana katika mafungu. Osler alionyesha kwamba ndani ya mshipa wa kiumbe aliye hai vijichembe hivyo huelea kimoja kimoja, na kwamba hushikamana pale damu inapotolewa nje ya mwili. Matokeo hayo yaliwasilishwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza mwaka 1874, wakati huo Osler akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Leo vijichembe hivyo tunavifahamu kama chembe sahani, zile zinazoziba tundu mshipa unapochanika. Mwanasayansi wa Italia, Giulio Bizzozero, ndiye aliyeeleza vyema kazi yake mwaka 1882. Kwa vyovyote vile, daktari kijana kutoka Kanada alikuwa amepata somo litakalomfaa miaka 27 baadaye: kutoka damu kuna sababu mbili kubwa, ama damu yenyewe ina kasoro, ama mshipa unaoibeba ndio mbovu.

Wanafunzi waingia wodini

Osler alirejea Montreal mwaka 1874 kufundisha McGill. Akiwa huko alifanya mamia ya uchunguzi wa maiti kwa mikono yake mwenyewe, akilinganisha kile alichokiona mgonjwa alipokuwa hai na kile alichokikuta baada ya kifo. Mwaka 1884 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, na mwaka 1889 akawa mganga mkuu wa hospitali mpya ya Johns Hopkins, Baltimore.

Hapo ndipo jina lake lilipovuma. Akishirikiana na William Welch, William Halsted na Howard Kelly, alijenga hospitali na chuo ambacho vyuo vingine vilikuja kukiiga. Chuo hicho cha udaktari kilifunguliwa mwaka 1893 na kilipokea wanawake kwa masharti sawa na wanaume, jambo lililotokana na fedha na msimamo thabiti wa mfadhili Mary Garrett.

Kabla ya hapo, wanafunzi wengi wa udaktari Marekani walihitimu kwa kusikiliza mihadhara na kukariri vitabu. Wengine hawakuwahi kumgusa mgonjwa. Osler aliwaingiza wodini. Aliwapa wagonjwa wa kuwahudumia, akawataka wachukue historia ya ugonjwa, wapime mkojo na damu, kisha waeleze walichogundua mbele ya kitanda. Alitamani akumbukwe kwa jambo hilo kuliko mengine yote.

Mwaka 1892 alitoa kitabu chake, The Principles and Practice of Medicine, kilichotumiwa na vizazi vya madaktari. Mwaka huo huo alimwoa Grace Revere Gross, mjane wa daktari wa upasuaji wa Philadelphia.

Kitabu hicho kilikuwa na sifa moja iliyowashangaza wengi, nayo ni ukweli. Osler alieleza dalili kwa ufasaha, lakini alipofika kwenye matibabu alikiri kwamba kwa magonjwa mengi hapakuwa na dawa ya maana. Wapo waliomlaumu kwa kukatisha tamaa. Hata hivyo, ukweli huo ulizaa matunda. Mwaka 1897 Frederick Gates, mshauri wa tajiri John D. Rockefeller, alikisoma kitabu hicho na kushtuka kuona jinsi tiba ilivyokuwa na mapengo. Alimshawishi tajiri wake, na mwaka 1901 ikaanzishwa Taasisi ya Rockefeller ya utafiti wa tiba mjini New York.

Ugonjwa unaotembea na ukoo

Mwaka huo huo wa 1901, katika jarida la hospitali ya Johns Hopkins, Osler aliandika habari za wagonjwa watatu. Wote walikuwa wakisumbuliwa na muhina, yaani kutokwa damu puani mara kwa mara. Wote walikuwa na madoa madogo mekundu usoni na kwenye ngozi laini ya ndani ya pua na kinywa. Jambo la tatu ndilo lililomfanya atulize kalamu: tatizo lilikuwa likipita katika ukoo, kutoka mzazi hadi mtoto.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Nchini Uingereza, Benjamin Babington alikuwa ameandika juu ya muhina wa kurithi mwaka 1865. Nchini Ufaransa, Henri Rendu alieleza mgonjwa wa aina hiyo mwaka 1896 na kusisitiza kwamba hiyo haikuwa hemofilia, ugonjwa ambao damu hushindwa kuganda. Lakini Osler ndiye aliyeziunganisha alama zote kuwa picha moja: pua inayovuja damu, madoa mekundu na urithi. Mwaka 1907 Frederick Parkes Weber wa London aliongeza maelezo yake, na kuanzia hapo ugonjwa ukabeba majina ya Osler, Weber na Rendu.

Siri ya ugonjwa huo imo katika umbo la mishipa. Kwa kawaida damu hutoka moyoni kwa mishipa minene ya ateri, ikapungua nguvu katika vijishipa vyembamba kama unywele, ndipo ikarudi moyoni kwa vena. Kwa mwenye ugonjwa huu, baadhi ya vijishipa hivyo havipo. Ateri huungana na vena moja kwa moja, damu huingia kwa nguvu mahali palipo na ukuta mwembamba, na ukuta huo hutanuka na kupasuka kwa urahisi. Madoa mekundu midomoni ndiyo vidirisha vya hitilafu hiyo. Ukiyabonyeza hufifia, ukiyaachia hurudi.

Kilichokuwa kikijificha kilikuwa kikubwa zaidi. Hitilafu kama hizo hutokea pia katika mapafu, ini na ubongo. Katika tumbo na utumbo mwembamba huanza kuvuja zaidi mtu anapokaribia au kuvuka umri wa miaka 50. Damu hiyo haionekani. Huchanganyika na chakula, ikatoka na kinyesi cheusi au bila kubadili rangi yake. Mgonjwa huhisi uchovu, huhema akipanda ngazi, moyo humwenda mbio, viganja vyake hupauka.

Daktari wa zama za Osler aliweza kuunguza doa la pua na kumpa mgonjwa madini ya chuma. Kwa utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima hukaribia urefu wa mita sita, hakuwa na jicho wala mkono wa kufika.

Mzaha uliogeuka mwiba

Si kila siku ya Osler ilikuwa ya wodi na vitabu. Alikuwa mtu wa mizaha. Alijibuni daktari wa uongo aliyeitwa Egerton Y. Davis, na kwa jina hilo aliwahi kupenyeza barua ya kubuni katika jarida la kitabibu mwaka 1884. Barua ilichapishwa na baadhi ya madaktari waliichukulia kuwa ya kweli.

Mzaha mmoja ulimgharimu. Februari 1905, akiaga Baltimore, alitoa hotuba iliyogusia kwamba watu hufanya kazi zao bora kabla ya miaka 40, na kwa utani akarejea wazo la hadithi moja kuhusu kuwastaafisha wazee wa miaka 60 kwa dawa ya usingizi. Magazeti ya Marekani yaliandika kana kwamba profesa huyo alikuwa amependekeza wazee wauawe. Lawama zilimwandama kwa muda mrefu, naye wakati huo alikuwa na miaka 55.

Mwaka huo huo alihamia Uingereza kushika kiti cha Profesa wa Mfalme wa Tiba katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1911 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Nyumba yake mjini Oxford ilikuwa wazi kwa wanafunzi na wageni kutoka pande zote za dunia, kiasi kwamba waliipachika jina la nyumba ya mikono iliyokunjuliwa.

Damu ya mwanawe

Pigo lililomvunja lilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki mchanga mwaka 1893. Waliyebaki naye alikuwa Edward Revere, aliyezaliwa Desemba 1895, kijana mpole aliyependa vitabu na kuvua samaki. Alijiunga na kikosi cha mizinga cha Uingereza na kupelekwa Ubelgiji.

Agosti 29, 1917, wakati wa mapigano ya Ypres, kombora lilimjeruhi kifuani, tumboni na pajani. Alifikishwa katika hospitali ya uwanja wa vita huko Dozinghem, ambako marafiki wa baba yake, miongoni mwao daktari bingwa wa upasuaji Harvey Cushing, waliitwa usiku kumwokoa. Aliongezewa damu, akapasuliwa, lakini asubuhi ya Agosti 30 alifariki dunia. Alikuwa na miaka 21.

Mtu aliyeanza kazi yake kwa kutazama jinsi damu inavyojizuia kutoka, alimpoteza mwanawe kwa jeraha ambalo mikono bora ya wakati ule ilishindwa kulitibu. Osler aliendelea kufundisha na kupokea wageni mchana, lakini waliomfahamu waliona kwamba hakuwa yule wa zamani. Alifariki dunia Oxford Desemba 29, 1919, baada ya kuugua mapafu, akiwa na miaka 70. Vitabu vyake vipatavyo 8,000 alivirithisha Chuo Kikuu cha McGill, ambako maktaba yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 1929. Majivu ya mwili wake yamehifadhiwa humo. Cushing aliandika maisha yake, na kitabu hicho kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Kidonge chenye jicho

Utumbo mwembamba uliendelea kuwa giza kwa muda mrefu baada ya kifo chake. Mipira ya kuchungulia tumboni iliyoenea baada ya miaka ya 1950 ilifika tumboni na mwanzo wa utumbo kwa juu, na utumbo mpana kwa chini. Katikati zilibaki mita kadhaa ambazo hazikufikiwa. Wakati mwingine hapakuwa na njia ila kupasua tumbo na kutafuta kwa kupapasa.

Mwaka 2000 wanasayansi, akiwemo mhandisi wa Israeli Gavriel Iddan na daktari Paul Swain wa London, walitangaza kidonge chenye kamera ndani yake. Mwaka uliofuata kiliidhinishwa Marekani. Mgonjwa hukimeza kwa maji, nacho husafiri kwa saa kama nane kikipiga maelfu ya picha, kisha hutoka kwa njia ya haja kubwa. Madoa mekundu yale yale ambayo Osler aliyaona midomoni sasa yalionekana yakiwa yametapakaa ndani ya utumbo.

Kidonge huona, lakini hakitibu. Mwaka 2001 Hironori Yamamoto wa Japani alieleza mpira mrefu wenye puto mbili zinazojaa na kupungua hewa kwa zamu, ukauvuta utumbo na kuukunja kama mkono wa shati. Kwa mpira huo daktari hufika kwenye doa linalovuja na kuliunguza kwa gesi ya agoni yenye umeme. Kama damu inatoka kwa kasi, mshipa unaovuja hutafutwa kwa picha maalumu na kuzibwa kwa ndani kupitia mrija mwembamba.

Ikumbukwe kwamba si kila hitilafu ya mishipa ya utumbo ni ya kurithi. Nyingi huwapata wazee, wenye figo zilizochoka na wenye vali ya moyo iliyokaza. Uhusiano wa vali hiyo na damu ya tumboni uligusiwa na Edward Heyde mwaka 1958, na mara nyingi vali ikibadilishwa damu hukoma.

Kuunguza pekee hakutoshi, kwa kuwa madoa mapya huota na damu hurudi. Kwa wenye ugonjwa wa Osler, miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2020 inashauri uunguzaji ufanywe kwa kiasi. Msingi wa tiba ni kurudisha madini ya chuma, kwa vidonge au kwa mshipa, na damu ya kuongezewa inapolazimu. Wanaovuja kidogo wanaweza kupewa dawa ya asidi ya traneksami. Wanaovuja sana hupewa bevasizumabu, dawa inayozuia mishipa mipya kuchipua.

Utafiti uliofanyika China kwa wagonjwa 150 wenye hitilafu za mishipa ya utumbo mwembamba, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba thalidomaidi kwa miezi minne ilipunguza matukio ya kutoka damu angalau kwa nusu kwa asilimia 68.6 ya waliotumia miligramu 100 kwa siku, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni dawa ile ile iliyoondolewa sokoni kuanzia mwaka 1961 kwa kulemaza watoto tumboni, hivyo mjamzito haruhusiwi kuigusa.

Kuanzia mwaka 1994 wanasayansi wamezibaini jeni zinazohusika. Mzazi mwenye ugonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto wake, na inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 5,000 anao. Wengi wao hawajui.

Pamoja na mitambo yote hiyo, utambuzi bado huanza kwa maswali aliyouliza Osler. Je, pua inatoka damu mara kwa mara? Yapo madoa mekundu kwenye midomo, ulimi au ncha za vidole? Baba, mama au ndugu ana tatizo kama hilo? Kuna hitilafu ya mishipa katika viungo vya ndani? Mwenye majibu matatu ya ndiyo kati ya hayo manne huhesabiwa kuwa na ugonjwa huo, hata kabla ya kupimwa jeni. Mawili kati ya maswali hayo yanahitaji masikio ya kusikiliza, moja linahitaji mwanga wa kutosha na macho mawili. Ni la nne tu linalohitaji mashine.